Kipimakina cha meli (ekosaunda): namna ya kukichagua na kutafuta hitilafu zake

Mkuku_Wima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Maswali ya ekosaunda yanarudi kila mara, na karibu yote yanaanzia kwenye skrini: ipi kubwa, ipi ya kugusa, ipi ina rangi nzuri. Skrini ni jambo la mwisho. Kipimo kinazaliwa chini ya meli, kwenye transdusa (kifaa kinachotoa na kupokea sauti), na meli nyingi zinazolalamika kwamba kina kinarukaruka zina mashine nzima kabisa iliyofungiwa transdusa mahali pabaya. Naweka hapa ninayoyazingatia, wajuzi wengine mniongezee.

Kwanza msingi, kwa sababu hitilafu nyingi zinajieleza ukiujua. Transdusa inatoa mpigo mfupi wa sauti, sauti inagonga sakafu ya bahari, mwangwi unarudi. Mashine inapima muda, inazidisha kwa mwendo wa sauti majini, inagawa kwa mbili. Mashine nyingi zimewekewa mita 1500 kwa sekunde. Mwangwi uliorudi baada ya sekunde 0.04 ni mita 30, na hizo mita 30 zinahesabiwa kuanzia uso wa transdusa, si mstari wa maji wala mkuku (uti wa chini wa meli). Hilo tutalirudia.

Sheria: SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini), sura ya V, kanuni ya 19, inadai kipimakina kwenye meli za GT 300 (kipimo cha ukubwa wa meli) na kuendelea na kwenye meli za abiria za ukubwa wowote. Viwango vya utendaji viko kwenye azimio la IMO (shirika la kimataifa la bahari) MSC.74(69), kiambatisho cha 4. Kwa ufupi mashine iweze:

- kupima kuanzia mita 2 hadi mita 200 chini ya transdusa, meli ikienda mwendo wowote kutoka 0 hadi noti 30;
- kuwa na angalau upeo mmoja wa maji mafupi (mita 20) na mmoja wa maji marefu (mita 200);
- kutoa mipigo isiyopungua 36 kwa dakika kwenye upeo mfupi na 12 kwenye mrefu;
- kuendelea kupima meli ikiyumba digrii 10 ubavuni na digrii 5 omo na tezi (mbele na nyuma);
- kuonyesha dakika 15 za vipimo zilizopita na kuhifadhi kina na saa kwa saa 12;
- kupiga alamu maji yanapopungua kuliko kiwango ulichoweka, na umeme unapokatika au kushuka.

Usahihi unaokubalika ni nusu mita kwenye upeo wa mita 20 na mita 5 kwenye upeo wa mita 200, au asilimia 2.5 ya kina kinachoonyeshwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Ukiletewa mashine ya kutafutia samaki kwa hoja kwamba "inapima kina pia", omba cheti cha aina (cha kuidhinisha muundo wa mashine) kinachotaja kiwango cha ISO 9875. Kama hakipo, haihesabiwi siku ya ukaguzi hata ikiwa na picha safi namna gani.

Masafa: kwa meli za biashara uchaguzi huwa kati ya kilohezi 50 na 200. Sauti ya kilohezi 200 humezwa na maji haraka, kwa hiyo haifiki mbali, lakini mpigo wake unaweza kuwa mfupi na picha ya maji mafupi inakuwa kali. Ya kilohezi 50 inafika mbali na inavumilia mapovu kidogo zaidi, ila mwali wake (upana wa sauti inavyotawanyika) ni mpana. Transdusa ya kipenyo cha sentimita 10 ina mwali wa takriban digrii 20 kwa kilohezi 50 na digrii 5 kwa kilohezi 200. Kwenye kina cha mita 100, wa kwanza unafunika duara la mita 35 hivi chini, wa pili karibu mita 9. Mwali mpana ukipita juu ya mteremko, unakuonyesha sehemu ya juu kabisa iliyomo ndani ya duara hilo, kwa hiyo kina kinasomeka pungufu. Kwa usalama hilo si baya, ila usishangae likipishana na chati. Mwali mwembamba nao meli ikiyumba sana unatazama pembeni na mwangwi unapotea.

Meli inayokaa bandarini, mitoni na karibu na pwani inahudumiwa vizuri na 200. Inayovuka bahari na kuingia bandari za kina kifupi ichukue mashine ya masafa mawili. Kama bajeti inaruhusu kimoja tu kwenye meli kubwa, mimi nachagua 50.

Mahali pa transdusa ndipo pesa ya ununuzi inapookolewa au kupotea. Iwe kwenye sehemu bapa ya chini, karibu na mkuku, kati ya theluthi ya mbele na katikati ya meli. Isiwe nyuma ya thrasta ya omo (rafadha ya pembeni ya kugeuzia meli), wala nyuma ya tundu la kuvutia au kumwagia maji, wala nyuma ya mshono mnene wa kuchomelea, anodi au transdusa ya kifaa kingine iliyotokeza. Chochote kilichotokeza mbele yake kinazalisha mapovu, na mapovu yanafuata chini ya meli mpaka kwenye uso wa transdusa. Uso wake uwe sambamba na mstari wa maji katika hali meli inayosafiri nayo kawaida, si katika hali iliyochorwa kwenye karatasi.

FundiKebo

Umeanza vizuri mkuu. Naongeza upande wa vifaa, maana ndipo makosa ya ufungaji yanapokaa.

Bodi ya chuma: transdusa ikae ndani ya tangi lake la chuma lililochomelewa kwenye bati la chini, lenye bati la kuongeza unene kuzunguka tundu, na mchoro upitishwe na chama cha uainishaji (kinachokagua ubora wa meli) kabla ya kukata chochote. Kuchomelea kumalizike na chuma kipoe kabisa ndipo transdusa iingie. Joto la kuchomelea linaharibu seramiki (kiini cha transdusa kinachotetemeka) na gundi yake, na uharibifu huo hauonekani kwa macho. Aina ya vali ya lango ni ghali zaidi lakini inakuwezesha kubadilisha transdusa meli ikiwa inaelea. Kwa meli inayopanda chelezo (inayotolewa majini kwa matengenezo) mara moja kwa miaka kadhaa, ni pesa iliyotumika vizuri.

Bodi ya alumini: usiweke ganda la shaba nyeusi, litakula alumini inayolizunguka. Chukua chuma kisichoshika kutu kilichotenganishwa vizuri, au plastiki. Bodi ya mbao: plastiki hapana, mbao zikilowa zinavimba na kuipasua, weka ya shaba nyeusi. Bodi ya faiba ngumu isiyo na povu katikati inaweza kupimia kupitia bodi yenyewe, transdusa ikiwa ndani ya kisanduku kilichojazwa mafuta ya mbarika au glikoli. Kiputo kimoja cha hewa chini ya uso wake kinatosha kukata kipimo. Bodi ya chuma haipimiwi hivyo kwa transdusa za kawaida, msidanganyike.

Kebo: ipite kwenye bomba lake la chuma, isifungwe pamoja na nyaya za umeme wa mota. Kinga ya kebo (wavu wa chuma unaozunguka nyaya) iunganishwe ethi upande mmoja tu, wa mashine. Ukiunga ncha zote mbili unatengeneza mzunguko wa ethi na kelele inaingia. Usiikate kebo ya kiwandani ili kufupisha, izungushe ikae. Kama urefu hautoshi, tumia kisanduku cha maungio cha shaba au chuma chenye mpira mzima, na kiwekwe juu, mahali ambapo maji ya chini ya meli hayafiki. Kisanduku kilichowekwa kwenye handaki la mkuku ndicho cha kwanza kufunguliwa kipimo kikififia, na mara nyingi utakuta maji au ukungu wa kijani kwenye skrubu.

Tezi_Omo

Asanteni wakubwa. Swali: kwenye ekosaunda tunasoma mita 8.0, kwenye ECDIS (chati ya elektroniki) inaandika 14.2, na kuna wakati inaandika 20.4. Ipi ya kuaminiwa?

Bildi_Maji

Zote tatu zinatoka kwenye kipimo kimoja, isipokuwa ya tatu imehesabiwa vibaya. Transdusa yenu iko mita 6.2 chini ya mstari wa maji. Kina chini ya transdusa ni 8.0. Ukijumlisha 6.2 unapata 14.2, ambacho ni kina kutoka juu ya maji. Mashine ikishajumlisha na ECDIS nayo ikajumlisha tena 6.2, mnapata 20.4. Hiyo ni hatari kweli kweli, kwa sababu inawapa maji yasiyokuwepo.

Angalieni ujumbe wa data unaotoka kwenye mashine kwenda vifaa vingine. DBT ni kina chini ya transdusa, basi. DPT inabeba vitu viwili: kina chini ya transdusa na nyongeza. Nyongeza ikiwa chanya ni umbali hadi mstari wa maji, ikiwa hasi ni umbali hadi mkuku. Mstari wa `$SDDPT,8.0,6.2,200.0` unasema kina 8.0, transdusa iko 6.2 chini ya maji, upeo uliowekwa ni 200. ECDIS inayosoma DPT haipaswi kuongezewa kitu kwa mkono. Amueni mahali pamoja pa kuweka nyongeza, andikeni kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya skrini, na mahali pengine pote pawe sifuri.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna mashine italifanya kwa niaba yenu. Kama meli imelala tezi, mkuku wa nyuma uko chini zaidi kuliko transdusa. Meli ya mita 150, transdusa mita 50 kutoka omo, imelala tezi kwa mita 1.5: nyuma iko chini kwa 1.5 × 100 ÷ 150, yaani mita 1 nzima. Ekosaunda ikikuonyesha mita 2 chini ya mkuku, tezi ina mita 1, na hapo bado hujatoa kuzama kwa mwendo (meli kushuka majini inapokwenda). Kuzama huko kunaongezeka kwa mraba wa mwendo, ukipunguza mwendo kwa nusu kunabaki takriban robo.

Uhakiki: meli ikiwa imefungwa gatini na maji yametulia, shusha bildi (kamba yenye uzito ya kupimia kina) pande zote mbili za meli usawa wa transdusa. Soma kina kutoka juu ya maji, chukua wastani, linganisha na kipimo cha mashine ukijumlisha mzamo wa transdusa (ilivyo chini ya mstari wa maji) wakati huo. Tumia mzamo uliosomwa siku hiyo. Ikipishana zaidi ya nusu mita, kwanza angalia kama chini ni tope laini, bildi inazama humo. Baada ya hapo ndipo ugeukie mwendo wa sauti.

Mkuku_Wima

Hapo kwenye mwendo wa sauti nitie uzito. Mita 1500 ni makadirio ya katikati. Bahari ya chumvi ya kawaida yenye nyuzi 30 inapitisha sauti kwa karibu mita 1546 kwa sekunde. Maji baridi ya mto au ziwa yenye nyuzi 5 ni karibu 1426. Kwenye bahari hiyo ya joto, kina cha kweli cha mita 20 kitasomeka 19.4, hakuna ubaya. Kwenye mto ule wa baridi, mita 20 za kweli zitasomeka 21. Yaani unapoingia maji yasiyo na chumvi na ya baridi, mashine inakuongezea maji, na ndiyo wakati meli nayo inazama zaidi kwa kukosa chumvi. Kama mashine inaruhusu kubadili mwendo wa sauti, badilisha. Kama hairuhusu, weka kiwango cha alamu juu zaidi.

Zamu_ya_Usiku

Naomba msaada. Chati inasema mita 400, ekosaunda imewekwa upeo mfupi na inaonyesha mita 25 imara kabisa, mstari mnene usiokatika. Hakuna fungu wala mwamba kwenye chati. Tupunguze mwendo?

Bildi_Maji

Punguzeni kwanza, kisha thibitisheni. Usiitupe namba ndogo kabla hujajua ilikotoka.

Ila namba zenyewe zinasema mengi. Mwangwi wa mita 400 unachukua sekunde 0.533 kurudi. Kama kwenye upeo huo mashine inatoa mpigo kila nusu sekunde, mwangwi wa mpigo wa kwanza unafika sekunde 0.033 baada ya mpigo wa pili. Mashine inadhani ni mwangwi wa mpigo wa pili, na 0.033 × 1500 ÷ 2 ni mita 25. Ndiyo hizo zenu.

Kuthibitisha: badilisha upeo uende mrefu zaidi. Mashine itapunguza kasi ya mipigo. Mwangwi wa kweli utabaki mita 25 kwenye upeo wowote. Wa uongo utahama au utapotea, na mstari wa mita 400 utajitokeza mahali pake. Ndiyo maana unapoanza kupima maji usiyoyajua, anza na upeo mrefu ushuke, usianze na mfupi upande. Ukiacha mashine ijichagulie upeo yenyewe inaweza kung'ang'ania mwangwi wa uongo, hivyo jaribio hili lifanywe kwa mkono.

Omari_wa_Kina

Kuna ndugu zake pia, msiwachanganye. Mstari wa pili ulio mara mbili ya kina cha kwanza, mfano 12 na 24: sauti imegonga chini, ikagonga maji ya juu au bodi ya meli, ikarudi chini tena. Hutokea maji mafupi yenye sakafu ngumu na geini (ukuzaji wa mwangwi) iliyo juu. Punguza geini mstari wa pili ufifie, wa kwanza ubaki. Hatari ni mashine kushika ule wa pili na kukuandikia 24, hasa mtu aliposogeza kizuizi cha kelele za juu mpaka kikafunika mwangwi wa kwanza.

Tabaka lenye ukungu katikati ya maji, linalopanda jua likizama na kushuka kukipambazuka, ni viumbe hai wa majini. Sakafu haipandi jioni.

Namba isiyobadilika ya nusu mita au mita moja, popote meli iendapo, ni mtetemo wa transdusa yenyewe baada ya mpigo. Mashine imekosa mwangwi ikashika mtetemo. Hapo tafuta kwa nini mwangwi haupo.

Na tope: mlangoni mwa bandari zenye tope jepesi, kilohezi 200 inarudi kutoka juu ya tope, masafa ya chini yanapenya hadi kwenye tabaka gumu. Mashine ya masafa mawili ikikupa namba mbili tofauti hapo, haijaharibika. Tumia ndogo mpaka mamlaka ya bandari iseme vingine.

Jahazi_Chuma

Sisi tatizo letu ni jingine. Meli imetoka chelezoni, kabla ilikuwa inapima vizuri, sasa hakuna mwangwi kabisa. Skrini inawaka, mstari wa mpigo juu upo, chini patupu. Fundi aliyeitwa anasema tununue mashine mpya.

FundiKebo

Usinunue chochote bado. Mashine iliyopanda chelezo nzima na kushuka bubu, tafuta kilichofanyika chini ya meli. Ratiba yangu ni hii:

1. Uliza kama uso wa transdusa ulifunikwa wakati wa kupiga mchanga, na nani alitoa kifuniko. Mkanda au ubao uliosahaulika juu ya uso unakata sauti yote. Mpiga mbizi mwenye kamera anamaliza swali hili kwa muda mfupi.

2. Uliza rangi. Rangi nene ya chuma na tabaka tatu nne za rangi ya kuzuia uoto juu ya uso huo vinabana sauti, vikiwa na viputo ndani ndiyo kabisa. Hii haikwanguliwi kwa patasi. Msasa laini sana kwa mkono, bila kukata uso.

3. Uliza kama walichomelea karibu na tangi la transdusa au walipiga mchanga usoni. Kama ndiyo, seramiki inaweza kuwa imekufa.

4. Kama transdusa iko ndani ya tangi lenye dirisha, angalia kimiminika. Meli ikiwa nje ya maji mtu huweza kukimwaga akidhani ni maji ya taka. Jaza hadi juu, toa hewa kwenye skrubu ya juu.

5. Sasa umeme. Zima mashine, fungua kebo upande wa mashine. Pima uhami wa waya kwa mega (kipima uhami) ya volti 500, kila waya dhidi ya ethi. Transdusa nzima inatoa megaomu nyingi. Chini ya megaomu 1, maji yameingia mahali. Fungua kisanduku cha maungio, pima kila upande peke yake: upande mbaya utajitaja. Transdusa yenye kihisi cha joto au saketi ndani haipigwi mega hivyo, soma kitabu chake kwanza.

6. Ukimaliza mega, unganisha ncha mbili za waya kwa muda. Seramiki inahifadhi chaji, na mkono au mashine itaipokea.

7. Maltimita peke yake isikudanganye. Transdusa zenye transfoma ndani husoma omu chache sana na wengi hudhani ni shoti. Zisizo na transfoma husoma kama waya umekatika. Zote mbili zaweza kuwa nzima. Linganisha na thamani zilizoandikwa siku ya ufungaji, na kama hazikuandikwa, zianze kuandikwa leo.

Mstari wa mpigo wa juu ukiwepo haimaanishi transdusa inatoa sauti. Mashine nyingi zinauchora hata bila kitu kuunganishwa. Na usiiwashe itoe mipigo kebo ikiwa imefunguliwa. Volti ya mpigo inafika mamia na kuzidi, si ya kuchezea.

Jahazi_Chuma

Mkuu FundiKebo, chelezoni ijayo, tukiwa bado juu, kuna namna ya kujua iko hai kabla maji hayajaingia?

FundiKebo

Ipo. Weka geini juu, mtu mmoja asugue uso wa transdusa kwa kiganja kikavu, mwingine atazame skrini. Kelele itaonekana kila anaposugua. Hilo linakuhakikishia njia nzima ya kupokea, kutoka seramiki hadi skrini. Upande wa kutuma, washa kwa nguvu ndogo sekunde chache tu, sikio karibu na uso utasikia mlio mdogo wa tik-tik. Usiiache ikituma hewani. Hewa haipokei nguvu yake kama maji, joto linabaki ndani na seramiki inapasuka.

Rangi: nataka tabaka moja jembamba la rangi ya kuzuia uoto yenye msingi wa maji, iliyoruhusiwa kwa transdusa. Yenye kiyeyusho cha ketoni inalainisha plastiki ya uso.

Omari_wa_Kina

Hapo kwenye rangi tunapishana kidogo. Kuna watengenezaji wanaokataza rangi yoyote usoni. Kwa meli inayotembea muda wote, uso mtupu unaosafishwa na mpiga mbizi unatosha. Inayolala gatini wiki nyingi kwenye maji ya joto, magamba na mwani vitaufunika haraka, hapo naelewa rangi. Kitabu cha transdusa ndicho kiamue, si mazoea ya chelezo.

FundiKebo

Nakubali, kitabu kwanza.

Zamu_ya_Usiku

Ya kwetu ilikuwa mwangwi wa mpigo uliopita, upeo ulipobadilishwa 25 ikapotea, ikaja 398. Asanteni. Jingine: kuna vistari vya mshazari vinavyokatiza skrini nzima, na kina kinaruka kutoka 60 kwenda 3 kisha kinarudi.

Mkuku_Wima

Mshazari wenye mpangilio ni kifaa kingine chenye mpigo wake: logi ya Doppler (kipima mwendo wa meli), sona, au ekosaunda ya pili. Mipigo yao haipatani na yenu, ndiyo maana mistari inalala. Zimeni kimoja kimoja, kikizimwa na mistari ikatoweka mmempata. Dawa ni kubadili masafa, au kuunganisha vifaa vipige kwa zamu kama vina waya wa kusawazisha.

Doa doa zisizo na mpangilio ni kelele za umeme au za maji. Zitenganisheni hivi: zima utumaji, iache mashine ikisikiliza tu. Kelele ikibaki, inatoka nje ya mashine. Simamisha meli. Ikitoweka, ni maji na rafadha. Ikibaki, ni umeme: viendesha mota vya masafa yanayobadilika, chaja, taa za LED. Zima vivunja umeme kimoja kimoja mkiwa mahali salama. Nyaya za mota zikipita sambamba na kebo ya transdusa, hata nusu mita ya kuzitenga inasaidia. Ethi ya mashine nayo iwe utepe wa shaba mfupi hadi kwenye bodi, si waya mwembamba uliozungushwa kwenye skrubu yenye rangi.

Pimeni pia volti ya mashine wakati inatuma, si ikiwa imepumzika. Laini ya volti 24 inayoshuka kila mpigo unapotoka inaonyesha waya mwembamba au fyuzi iliyooza mguuni, na dalili yake ni kupoteza maji marefu huku maji mafupi yakisomeka vizuri.

Tezi_Omo

Na ikipotea tu wakati wa kurudi nyuma na kwenye mawimbi makubwa?

Mkuku_Wima

Mapovu hayo. Rafadha ikigeuzwa inasukuma maji yenye hewa kuelekea omo chini ya meli, na kwenye mawimbi omo inapiga maji na kuyachanganya na hewa. Geini ukiipandisha unaongeza kelele tu. Shusha masafa kwenda 50, rekebisha upeo kwa mkono, na meli ikiwa tupu ongeza maji ya farumi (ya kuongeza uzito) mbele kama utulivu na nguvu za meli vinaruhusu, omo ikae chini zaidi. Katika kufunga gatini, tegemea vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kugeuza injini. Ndani ya mapovu ya thrasta hakuna ekosaunda inayosema kweli.

Kama inapotea hata maji yakiwa shwari na meli inaenda mbele noti 12, rudi kwenye mchoro wa chini ya meli uone nini kiko mbele ya transdusa. Anodi iliyoongezwa chelezoni mbele yake inatosha kuleta hilo.

Bildi_Maji

Tezi_Omo, nyongeza moja kwa zamu yako: alamu ya kina msiiache sifuri baharini na msiisahau kwenye thamani ya safari iliyopita. Kabla ya kuingia maji mafupi iwekeni kwenye kina kidogo mnachokubali chini ya mkuku, pamoja na kuzama kwa mwendo, tofauti ya omo na tezi, na makosa ya mashine yenyewe ya nusu mita. Kwa ule mfano wa meli ya mita 150: mkitaka mita 1.5 tezi, kuzama kwa mwendo 0.6, tofauti 1.0, makosa 0.5, alamu iwe 3.6 chini ya mkuku penye transdusa. Kama mashine yenu inahesabu kutoka kwenye transdusa na uso wake uko juu ya mkuku kwa sentimita 20, andikeni 3.8.